Msimu Mzima wa Kumfunza Mwezeshaji

Bwawa la Kiambere lilipokamilika mwaka 1988, Mto Tana ulikuwa umezibwa kwa mara ya tano. Kindaruma ilitangulia mwaka 1968, ikafuatwa na Kamburu, Gitaru na Masinga. Wenyeji walihama kupisha maji, na umeme ukapita juu ya vichwa vyao kuelekea mijini. Miaka kumi na sita baadaye, katika nchi ya Mbeere iliyo kando ya mto huo, nchi ya mtama, uwele, kunde na ndengu, ilianza kazi ambayo haionekani ukiwa barabarani. Naihesabu kuwa kubwa kuliko zege lote la mtoni: kuwafunza watu wa kawaida kuwa wawezeshaji.

Siku hizi neno mwezeshaji limehamia maofisini. Timu za programu za kompyuta jijini Nairobi hufanya kazi kwa mizunguko mifupi, mara nyingi ya wiki mbili, na kila timu inahitaji mtu wa kuisaidia kuzungumza, kujikagua na kuamua. Mtu huyo si bosi wao. Kozi ya kumwandaa kwa kawaida huchukua siku mbili, kisha anapewa cheti. Anayeipanga kozi hiyo leo anafaa kwanza kutazama njia ndefu ambayo kazi hii imepitia hapa kwetu Kenya.

Njia hiyo inapita Kabete. Mwaka 1925 ilifunguliwa pale Jeanes School, chini ya J.W.C. Dougall, kuwafunza walimu wa kuzunguka vijijini. Mwalimu alikuja na mkewe, kwa kuwa ilieleweka kwamba kijiji hakibadiliki kwa maneno ya darasani bali kwa kuona nyumba, bustani na choo. Lilikuwa wazo jema, ila liliishi ndani ya serikali ya kikoloni iliyokwisha kuamua kijiji kinahitaji nini. Upande wa pili, matuta ya kuzuia mmomonyoko yalichimbwa kwa amri ya chifu, na watu wakayachukia matuta yenyewe pamoja na amri. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulileta kahawa na hatimiliki za ardhi kwenye miinuko yenye rutuba. Mabonde makavu hayakuwa moyo wa mpango huo.

Kisha, katika miaka ya 1980, ukaja kwa msaada wa Benki ya Dunia mfumo wa mafunzo na ziara. Bwana shamba alipewa ujumbe kila wiki mbili, akaupeleka kwa wakulima wachache walioteuliwa, nao wakatarajiwa kuusambaza kwa majirani. Wiki mbili! Ni muda ule ule wa mzunguko wa timu za programu, lakini mwendo wake ni kinyume. Katika mfumo ule, wiki mbili zilishusha jibu kutoka juu. Katika timu inayofanya kazi vizuri, wiki mbili hupandisha swali kutoka kazini. Mpangaji wa kozi asiyeiona tofauti hiyo atazalisha mabwana shamba wa kompyuta: watu wenye ratiba kamili, wanaobeba ujumbe wa wengine.

Jibu la mfumo huo wa kushusha ujumbe lilitoka kwenye mpunga. Nchini Indonesia, dawa za wadudu zilikuwa zimewaua maadui wa asili wa panzi mdogo wa kahawia, naye akazidi kuangamiza mashamba. Mwaka 1986 serikali ilipiga marufuku dawa 57 katika kilimo cha mpunga, na mwaka 1989 yakaanza mashamba darasa, ambapo wakulima hujifunza pamoja shambani. Aliyetaka kuwa mwezeshaji alijifunza msimu mzima: alipanda, akakagua shamba kila wiki, akachora alichokiona, akakieleza mbele ya wenzake. Mkulima akimwonyesha mdudu na kuuliza ni nini, mwezeshaji hakutaja jina. Alimrudishia swali: umemkuta wapi, alikuwa akifanya nini, wako wangapi?

Katika miaka ya 1990 mashamba darasa yalifika Kenya, yakaota mizizi Busia, Bungoma na Kakamega. Mbeere ilifikiwa na mradi wa misitu ya jamii wa miaka 2004 hadi 2009, ulioendeshwa na idara ya misitu, taasisi ya utafiti wa misitu (KEFRI) na shirika la misaada la Japani (JICA), katika wilaya za Kitui, Mbeere na Tharaka. Maafisa wa misitu waliozoea kutoa amri kuhusu miti walilazimika kujifunza kunyamaza. Miti ilisaidia, maana mti hauna haraka. Mbegu ya mti wa mukau, kwa mfano, imefungwa ndani ya kokwa ngumu. Sharti kokwa ipasuliwe bila kuijeruhi mbegu, ganda la mbegu lichanjwe kidogo, iloweshwe, ndipo iote. Kikundi kinachojaribu mbinu mbalimbali kitalu kwa kitalu hubaki na ujuzi ambao hakuna hotuba ingekipa. Wakulima waliohitimu nao wakaongoza vikundi vya majirani zao.

Hata kabla ya mradi huo, ng'ambo, timu za viwandani na za programu zilikuwa zikifikia jambo lile lile: kwamba kikundi hujifunza kwa kujiongoza. Takeuchi na Nonaka waliandika mwaka 1986 kuhusu vikundi vinavyosonga pamoja kama wachezaji wa raga, na mwaka 2001 waandaaji programu 17 walikutana Snowbird, Utah, wakaandika ilani yao fupi ya kazi ya aina hiyo.

Kwa hiyo kozi ya wawezeshaji wapya ningeipanga kwa kipimo cha msimu. Wiki ya kwanza mwanafunzi apewe timu halisi yenye kazi halisi, akae akitazama nani anasema na nani hasemi. Kila wiki alete alichokiona, kwa mchoro, mbele ya wanafunzi wenzake, wamuulize. Kufikia katikati aongoze kikao mwenyewe, mkufunzi akiwa chumbani kimya, hata kikao kikiyumba. Hapo ndipo penye gharama, na ndipo waajiri watakapotaka kupunguza siku. Na mwishoni, badala ya mtihani wa maswali ya kuchagua, amchukue mmoja wa timu ile ambaye hajawahi kuongoza, amwachie kikao, naye aende kukaa nyuma.