SHAHADA YA KIINGEREZA: ZAMANI ALILIPA NANI, LEO ANALIPA NANI?



Ndugu wasomaji, kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, swali hili hurudi katika nyumba zetu za Nakivale na Mbarara. Kijana amefaulu masomo ya sanaa na anataka kusoma shahada ya Kiingereza. Je, ada itoke wapi? Na kazi atakayoipata itaweza kulipa deni? Kabla ya kujibu tutazame historia, maana gharama ya shahada hii na faida yake si zile za wakati wa babu zetu.

Nakivale na lugha

Makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wakimbizi wa Rwanda walipoingia Uganda. Ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Baadaye wakaja Wakongo, Wasomali, Warundi, Waethiopia na wengine. Sokoni Kiswahili kinawaunganisha wengi. Lakini ukienda ofisi ya serikali, hospitali kubwa ya Mbarara au mahakamani, karatasi zote ni za Kiingereza. Mtoto aliyeanza shule kwa Kifaransa huko Bukavu au Bujumbura hulazimika kuanza upya.

Kwa hiyo anayekijua Kiingereza ana heshima na ana kazi: hutafsiri, huandikia watu barua, hufundisha. Dini yetu haipingi jambo hili. Mtume (S.A.W.) alimwagiza Zayd bin Thabit (R.A.) ajifunze maandishi ya Mayahudi ili barua zisomwe na mtu mwaminifu. Ila tukumbuke, kujua lugha ni jambo moja na kununua shahada yake ni jambo jingine.

Makerere ya zamani

Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, na mwaka 1949 ikaunganishwa na Chuo Kikuu cha London. Mwezi Juni 1962 waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza walikutana pale katika mkutano mashuhuri. Mmoja wa waliohudhuria alikuwa kijana wa Kenya aliyekuwa bado mwanafunzi wa Kiingereza hapo hapo Makerere: Ngugi wa Thiong'o, wakati huo akiitwa James Ngugi.

Wasomi wa kizazi kile walikuwa wachache, na gharama zao kwa sehemu kubwa zilibebwa na serikali. Nchi mpya zilihitaji walimu, maofisa na watangazaji. Mwenye shahada, hata ya fasihi, alitoka chuoni akiwa na kazi na bila deni.

Waislamu katika safu hiyo walikuwa wachache zaidi. Shule nyingi zilikuwa za wamisionari, na wazazi wengi waliogopa watoto wao wasibadilishwe dini. Mwanamfalme Badru Kakungulu na wenzake walijitahidi sana kujenga shule za Waislamu, na Kibuli ni ushahidi. Mwaka 1988 kikafunguliwa Chuo Kikuu cha Kiislamu Mbale, na miongoni mwa masomo yake ya mwanzo yalikuwa ualimu wa masomo ya sanaa.

Mwaka 1992 mambo yalibadilika

Mwaka huo Makerere ilianza kupokea wanafunzi wanaojilipia wenyewe. Milango ikafunguka kwa maelfu, lakini mzigo ukahamia kwa mzazi. Serikali iliendelea kudhamini wachache, na kadiri miaka ilivyokwenda ikaelemea zaidi kwenye sayansi. Hapa Mbarara, chuo kikuu cha serikali kilichoanzishwa mwaka 1989 kilijengwa kwa ajili ya sayansi na teknolojia, na kilianza na udaktari.

Bodi za mikopo zilikuja baadaye: Kenya 1995, Tanzania 2005, na Uganda sheria ilipitishwa 2014. Mkopo wa Uganda ni wa raia, na tangu mwanzo umetanguliza sayansi. Kwa hiyo kijana mkimbizi anayetaka Kiingereza yuko nje kwa sababu mbili. Nafasi yake kubwa ni udhamini wa DAFI, ulioanzishwa na UNHCR na serikali ya Ujerumani, nao pia mwaka 1992. Huo haurudishwi, lakini waombaji ni wengi kuliko nafasi.

Na mshahara je?

Mwaka 2022 serikali ya Uganda ilipandisha mshahara wa mwalimu wa sekondari mwenye shahada ya sayansi hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi. Mwenzake wa sanaa, akiwemo wa Kiingereza, alibaki na takriban milioni moja. Walimu wa sanaa waligoma mwaka huo, wakagoma tena 2025. Tena huo ni mshahara wa serikali. Mkimbizi mara nyingi huangukia shule binafsi, ambazo hujipangia malipo zenyewe.

Tufanye hesabu ya mfano tu. Familia ikikopa milioni 1.5 kila muhula, kwa mihula 6 ni milioni 9. Mwalimu wa milioni moja akitenga 200,000 kila mwezi, atalipa kwa miezi 45, karibu miaka minne. Hapo hatujahesabu chakula, chumba cha Mbarara, wala gharama ya kulinganisha cheti cha Kongo na cha Uganda. Mkopo ukiwa na riba, miaka inaongezeka, na dhambi juu yake.

Deni si mchezo

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul-Baqara, inahusu kuandikiana deni. Katika jamii zetu ada hutoka kwa shangazi aliyeko nje, kwa kuuza ng'ombe au kwa likelemba, na hakuna anayeandika. Baadaye kijana anasema alisaidiwa, mjomba anasema alikopesha, na udugu unavunjika.

Upo mfano mzuri. Mwaka 1983 Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ilianzisha mpango kwa Waislamu wa nchi zisizo wanachama, kama Kenya na Tanzania: mwanafunzi hupewa ada bila riba, na akipata kazi huirudisha kwa jamii yake ili mwingine asome. Misikiti yetu inaweza kuiga kwa kiasi kidogo.

Basi tunawashauri wazazi na vijana:

1. Ombeni udhamini kwanza, mapema, kabla ya kukopa.
2. Anayependa Kiingereza akichukue pamoja na ualimu, ili awe na kazi ya kushika.
3. Asome lugha zake nyingine pia. Mwenye Kiingereza, Kiswahili, Kifaransa au Kisomali ana soko kuliko mwenye Kiingereza peke yake.
4. Deni liandikwe, liwe na mashahidi, na lisiwe na riba.
5. Deni lisizidi kile ambacho mshahara wa mwalimu wa sanaa unaweza kulipa.

Hatusemi watoto wetu waache Kiingereza. Jamii isiyo na wasomi wa lugha itasomewa barua zake na wengine. Tunasema zamani serikali ilibeba gharama, leo anabeba mama anayeuza mahindi Nakivale. Basi ahesabiwe kabla hajatia saini.

Allah awafungulie vijana wetu elimu yenye manufaa na atuepushe na mzigo wa madeni. Amin.

Wabillahi tawfiq.