Bunduki, Sheria na Ushuhuda wa Kanisa katika Historia ya Pwani ya Tanga

Utangulizi

Raskazone, ile rasi iliyo upande wa mashariki wa mji wa Tanga, ni mahali pa utulivu. Lakini usiku wa kuamkia tarehe 3 Novemba 1914, jeshi la Waingereza lililotoka Bara Hindi lilianza kushuka katika fukwe zake, na siku mbili baadaye lilirudi melini likiwa limeshindwa, likiacha nyuma maiti nyingi na shehena ya silaha. Wanafunzi wetu huikumbuka vita hiyo kwa sababu ya nyuki waliowashambulia askari. Sisi tunapenda kuirudia kwa sababu nyingine. Ndani yake limo swali ambalo Kanisa haliwezi kulikwepa: Ni nani mwenye haki ya kushika silaha, na ni nani mwenye haki ya kumzuia mwenzake asiishike?

Wako wanaodhani kwamba swali hili ni la Wamarekani, ambao wamelibishania tangu Marekebisho ya Pili ya Katiba yao yalipopitishwa mwaka 1791. Sivyo. Pwani yetu ililijua swali hili kwa uchungu, na Kanisa la Kilutheri liliingia Tanga likiwa katikati yake.

1. Bunduki na biashara ya watu

Hapana budi tuanze kwa kukiri ukweli usiopendeza. Katika karne ya 19 bunduki hazikuwaletea uhuru watu wa kawaida wa nchi hii. Wazigua, waliokuwa karibu na pwani, walizipata mapema kuliko Washambaa, na nguvu za ufalme wa Usambara zikaanza kulegea. Baada ya kifo cha Kimweri ya Nyumbai, yapata mwaka 1862, Semboja alijiimarisha huko Mazinde, kwenye njia ya misafara, ambako aliweza kupata bunduki na baruti kwa urahisi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikafuata. Mateka waliuzwa ili kununua bunduki, na bunduki zikatumika kukamata mateka wengine. Mwaka 1888 Euan-Smith, balozi wa Uingereza kule Unguja, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia barani kila mwaka kupitia bandari za Afrika Mashariki.

Basi, asemaye kwamba silaha mikononi mwa watu wote ni kinga ya wanyonge, na aulize kwanza habari za wanawake na watoto walioteremshwa kutoka milima ya Usambara mpaka Pangani.

2. Kuzuia silaha kwa nguvu za silaha

Mwezi Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ilipotwaa mamlaka ya pwani kutoka kwa Sultani, watu wa Pangani waliinuka, wakiongozwa na Abushiri bin Salim. Desemba mwaka huo meli za Wajerumani na Waingereza zilianza kuzingira pwani. Zilitangaza makusudi mawili: kuzuia watumwa wasitoke na kuzuia silaha zisiingie. Mapema mwaka 1889 Bunge la Ujerumani lilitoa mark milioni 2 kwa ajili ya kukomesha biashara ya watumwa na kulinda mali za Wajerumani. Hermann Wissmann alizitumia kuandikisha Wasudani kule Misri na askari wengine kutoka Msumbiji. Julai 1889 Pangani na Tanga zilitekwa, na Desemba Abushiri akanyongwa.

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yalitia saini Mkataba wa Brussels. Mkataba huo ulikataza kuingiza silaha bora katika eneo lote la Afrika lililo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa Ikweta. Mwafrika aliachiwa bunduki ya gumegume na baruti duni; bunduki za kisasa zilibaki kwa serikali na kwa wale walioaminiwa nayo.

Mwaka huohuo wa 1890 wamisionari wa chama kilichojulikana baadaye kama Misheni ya Bethel walianza kazi Tanga, na mwaka 1891 walifika Mlalo. Walikuja na Injili, wala hatuna shaka juu ya imani yao. Lakini njia waliyopita ilikuwa imefunguliwa kwa mizinga. Kupinga utumwa lilikuwa jambo la haki. Kulitumia jambo hilo kuwa vazi la kufunika utekaji wa nchi halikuwa haki. Mambo haya mawili yalikuja pamoja, na mwanahistoria wa Kanisa asifiche lolote kati yake.

3. Raskazone, 1914

Miaka 24 baada ya Brussels, unafiki wa mpango ule ulidhihirika. Waingereza wapatao 8,000, wengi wao wakiwa askari wa Kihindi, walipambana na watu kama 1,000 wa Lettow-Vorbeck, ambao wengi wao walikuwa askari Waafrika. Mwafrika aliyekatazwa bunduki nzuri kwa ajili ya boma lake alipewa bunduki kwa ajili ya ufalme wa Kaisari. Tena wengi walipewa bunduki za mtindo wa 1871, ambazo moshi wake uliwaonyesha adui mahali walipolala. Kwa mujibu wa maelezo ya Lettow-Vorbeck mwenyewe, walipata nyara za bunduki za kisasa za kutosha kombania tatu na zaidi, bunduki za rashasha 16, na risasi 600,000. Silaha hizo ziliendeleza vita ambavyo maelfu ya wapagazi walikufa humo bila kubeba bunduki yoyote.

4. Mhunzi wa Wafilisti

Katika 1 Samweli 13 tunasoma kwamba Wafilisti waliwazuia Waisraeli kuwa na wahunzi, wasije wakajifanyizia panga na mikuki. Hata jembe ilibidi Mwisraeli akalinoe kwa adui yake. Huo ndio udhibiti wa mshindi: shabaha yake si amani, ni utii. Mkataba wa Brussels ulifanana nao.

Lakini je, dawa ni kila mtu kuwa na upanga wake? Bwana wetu, wanafunzi walipomwonyesha panga mbili, aliyakata maneno. Na usiku uleule alimwamuru Petro aurudishe upanga alani. Ungamo la Augsburg, kifungu cha 16, linakubali kwamba Mkristo aweza kushika silaha katika utumishi halali wa serikali. Luther naye, alipoandika juu ya mamlaka ya dunia mwaka 1523, alifundisha kwamba Mkristo hashiki upanga kwa ajili ya nafsi yake, bali kwa ajili ya jirani. Hapa ndipo kipimo kilipo. Semboja hakumlinda jirani, alimuuza. Wissmann hakuwa na agizo la jirani; alitumwa na Berlin. Bunduki huru na bunduki iliyozuiwa zote mbili zilimkosa jirani.

Hitimisho

Katiba ya Tanzania haitoi haki ya kumiliki bunduki, na sheria ya udhibiti wa silaha ya mwaka 2015 inadai leseni. Oni letu ni kwamba Kanisa liunge mkono udhibiti huo, maana historia ya Usambara imetuonyesha mwisho wa nchi ambayo kila mwenye nguvu hujinunulia baruti. Lakini tusiunge mkono kwa kufumba macho. Januari 2015 askari polisi walinyang'anywa bunduki papa hapa Tanga, na Februari risasi zikasikika karibu na mapango ya Amboni. Ufunguo wa ghala la silaha nao unahitaji mlinzi. Mwenye ghala awajibike mbele ya sheria ileile inayomfunga mkulima mwenye gobori, la sivyo tutakuwa tumemrudisha mhunzi wa Wafilisti.

Ninyi mnaojiandaa kwa utumishi mtaulizwa na Wakristo wenu, wengine wakiwa wameibiwa, wengine mashamba yao yakiharibiwa na wanyama, kama ni dhambi kuomba leseni. Msiwajibu upesi kwa ndiyo au hapana. Waulizeni: Silaha hii itamlinda nani, na wewe utajibu kwa nani juu ya matumizi yake? Kama Wakristo wa mwaka 1890 wangaliyauliza maswali hayo kwa serikali zao, historia ya pwani hii ingalikuwa na makaburi machache zaidi.