Uyole hadi Matema: barabara iliyobeba historia

Ukitoka Mbeya mjini hadi Uyole, ukaiacha barabara ya Dar es Salaam na kukata kulia, gari huanza kupanda papo hapo. Ukungu unashuka, magunia ya viazi mviringo yamepangwa kando ya lami, na upande mmoja ni msitu unaolificha Ziwa Ngozi ndani ya kreta. Kisha ni mteremko: Kiwira, Tukuyu, migomba na mashamba ya chai, hadi Ziwa Nyasa, mita 475 hivi kutoka usawa wa bahari. Kwa anayetaka likizo ya gari kati ya milima na maziwa, sijaona njia inayoishinda hii. Inaniuma kwamba wengi huipita wakipiga picha tu.

Mwaka 1877 James Frederic Elton, konseli wa Uingereza nchini Msumbiji, alifika ncha ya kaskazini ya ziwa na kupanda milima akielekea pwani. Safu inayosimama wima juu ya maji aliipa jina la Livingstone, aliyekuwa amefariki miaka minne kabla. Pwani yenyewe Elton hakuiona. Alifia njiani Ugogo Desemba mwaka huo. Mwaka 1891 wakaja wamisionari wa Kijerumani: Wamoraviani wakajenga Rungwe, na wenzao wa Berlin wakaweka vituo jirani. Serikali ya Kijerumani nayo ilikuwa na boma ufukweni, Langenburg, kabla ya kulihamishia kwenye baridi ya Tukuyu na kuliita Neu Langenburg.

Lakini mahali pa kusimamisha gari na kukaa ni Masoko, kwenye njia ya Tukuyu kwenda Ipinda. Hapo pana ziwa dogo la kreta, na ukingoni mwake boma la mawe la kampuni ya 5 ya jeshi la Wajerumani. Askari wengi wa jeshi hilo walikuwa Waafrika. Mei 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Edward Northey yaliingia kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, Wajerumani wakarudi nyuma. Wenyeji husimulia kwamba kabla ya kuondoka Wajerumani walitupa silaha na fedha ziwani, na wapo wanaowaonyesha wageni sarafu za Kijerumani wanazosema zimeopolewa humo. Habari hiyo ya hazina imevuma kuliko habari ya wapagazi wa vita ile, na hilo si haki. Hapakuwa na barabara ya magari ya kutosha. Risasi, unga na majeruhi vilipita milima hii juu ya vichwa na mabega ya watu, na wengi hawakurudi makwao. Masoko panastahili mnara wao, tena mkubwa.

Kutoka Ipinda unashuka hadi Matema, chini ya safu ile Elton aliyoipa jina la Livingstone. Hapo utakuta biashara isiyongoja mkoloni wala lami: akina mama wa Kikisi wa Ikombe hufinyanga vyungu, vikaletwa kwa mitumbwi hadi soko la Lyulilo, siku yake Jumamosi. Wachuuzi huvifunga kwa nyasi visivunjike, wakavipandisha Tukuyu na Mbeya kwa njia ileile uliyoshukia. Ukivitaka kwa bei ya mfinyanzi mwenyewe, wahi asubuhi kabla wachuuzi hawajavibeba.