Kipimo cha Maneno Machafu: Kutoka kwa Sayyidna Umar hadi kwa Muhtasibu wa Soko

Kila inapoundwa jumuiya ya Waislamu, iwe ni darasa, baraza ya msikiti au watu wanaoandikiana kwa simu, swali moja huja mapema: maneno gani tuyakataze? Jawabu linalotolewa mara nyingi ni orodha. Huandikwa matusi kadhaa na majina ya viungo vya siri, ikasemwa kwamba atakayeyataja atatolewa. Haupiti muda ila kijana aliyeuliza mas-ala ya janaba hutolewa, na yule aliyemchafulia mwanamke jina kwa maneno laini yasiyokuwemo katika orodha hubaki, tena huitikiwa kwa “mashaallah”. Ndugu msomaji, tatizo hili si la jana. Waliotutangulia walikutana nalo, na vitabu vya fiqhi, adabu na historia vimehifadhi namna walivyolipima.

Tuanze Madina, katika ukhalifa wa Sayyidna Umar bin al-Khattab (r.a.), baina ya mwaka 13 na 23 H (634 hadi 644). Palikuwa na mshairi akiitwa al-Hutay'a, bingwa wa hijaa, yaani mashairi ya kukashifu watu. Inasimuliwa kwamba ulimi wake haukumbakisha hata mama yake, na kwamba alijikashifu mwenyewe. Mtu huyu alimgeukia az-Zibriqan bin Badr, mkubwa katika Bani Tamim na mwenye kukusanya sadaka za watu wake, akamtungia beti. Az-Zibriqan akaenda kushitaki kwa khalifa.

Sasa tazama beti yenyewe ilikuwa na nini. Haikuwa na tusi. Haikutaja kiungo wala kitendo cha aibu. Maana yake kwa ufupi ni kuwa huyu bwana asijisumbue kutafuta utukufu, kwani yeye ni wa kulishwa na kuvishwa tu. Sayyidna Umar aliposikia alisema haoni hapo kashfa, anaona lawama tu. Az-Zibriqan hakuridhika. Khalifa hakuhukumu kwa rai yake, alimwita Hassan bin Thabit (r.a.), mshairi wa Mtume (s.a.w.), kwa kuwa kila fani ina wenyewe. Hassan akajibu kwamba jamaa hakukashifiwa tu, bali amefanyiwa kubwa kuliko kashfa, na neno alilolitumia kueleza hiyo kubwa ni neno la chooni. Nami nitalifumba kwa kusema kuwa al-Hutay'a amemwendea haja kubwa mwenzake.

Kisa hiki kimekuja zaidi katika vitabu vya adabu na tarehe kuliko katika vitabu vya hadithi, basi tusikibebeshe uzito wa dalili. Lakini kama kisa kina mafunzo makubwa. Beti iliyokuwa safi kwa maneno ilihesabiwa kuwa ni jinai, na mtungaji wake akafungwa. Ushahidi uliokuwa mchafu kwa neno ulipokewa mbele ya khalifa, wala hatukuelezwa kuwa Hassan alikemewa. Laiti kipimo kingelikuwa ni orodha ya maneno, angefungwa Hassan na kuachiwa al-Hutay'a.

Mfungwa akatunga beti nyingine akiwataja watoto wake wadogo waliobaki bila wa kuwatafutia riziki. Umar (r.a.) alilia, akamfungua kwa sharti la kuacha kukashifu watu, na inasimuliwa kuwa alinunua kwake heshima za Waislamu kwa dirham 3,000. Ushairi haukupigwa marufuku. Kilichonunuliwa ni heshima za watu, kile ambacho Waarabu hukiita 'irdhi.

Mafakihi walijenga juu ya msingi huohuo katika mlango wa kadhfu, yaani kumsingizia mtu zinaa, ambayo haddi yake ni viboko 80. Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba watu wawili walitukanana katika zama za Umar, na mmoja akaapa kuwa baba yake si mzinifu wala mama yake si mzinifu. Umar akataka ushauri. Mmoja akasema: huyu amewasifu wazazi wake. Wengine wakasema: wazazi wake wana sifa nyingine za kutajwa, kwa nini akachagua hiyo? Umar akampiga viboko 80. Huku ndiko kunakoitwa taaridhi, kusema hili ukikusudia lile. Malik alilichukua. Ama Imam Shafi na Imam Abu Hanifa hawakuona haddi katika taaridhi. Shafi alitoa hoja nzuri: Qur'an imeruhusu kumposa kwa kuashiria mwanamke aliyefiwa na mume naye yumo edani, lakini haikuruhusu kumposa wazi wazi, basi kuashiria na kutamka si kitu kimoja. Sisi wa madhehebu yake katika Pwani hii tunalifuata hilo, lakini tusisahau kuwa kuondoka haddi hakukuondosha taaziri. Kadhi anayo nafasi ya kumtia adabu mwenye kuumiza watu kwa mafumbo. Nasema hivi kwa sababu wako wanaodhani kwamba fumbo ni kinga.

Upande wa pili wa mizani ni pale neno zito linapokuwa la lazima. Maiz (r.a.) alipokuja kukiri zinaa mbele ya Mtume (s.a.w.), Mtume alimfungulia milango ya kutokea: huenda alibusu tu, huenda alitazama tu. Alipong'ang'ania, aliulizwa kwa neno lililo wazi kabisa, na mpokezi katika Sahihi ya al-Bukhari akatanabahisha kuwa Mtume hakutumia kinaya. Yeye ndiye aliyekuwa na haya kuliko watu wote, lakini roho ya mtu haiondolewi kwa neno la kufumba. Vilevile Ummu Sulaym (r.a.) alipouliza kuhusu mwanamke anayeota ndoto ya kumwajibishia kuoga, Ummu Salama (r.a.) alifunika uso kwa haya. Swali halikukatazwa. Lilijibiwa, na mpaka leo mabinti zetu wanafaidika nalo.

Lakini Mtume huyohuyo aliwataja kwa ubaya mkubwa mume na mke wanaolala pamoja kisha mmoja wao akaenda kuitangaza siri ya mwenziwe. Kitendo ni cha halali, na pengine mtangazaji alichagua maneno ya heshima. Haramu imo katika kuitoa siri ya chumbani na kuileta barazani. Wanaotunga kanuni za jumuiya zetu hulisahau hili kuliko lolote: wanatafuta neno bovu, na hadithi inazungumzia siri iliyovuja.

Karne mbili na zaidi baada ya Hijra, Ibn Qutayba (aliyefariki 276 H, 889), mtu wa hadithi na kadhi wa Dinawar, aliona haja ya kuwaandaa wasomaji wake katika utangulizi wa kitabu chake Uyun al-Akhbar. Aliwaambia, kwa maana, kwamba wakikuta kimetajwa kiungo cha mwili wasikunje uso kwa kujitia uchamungu. Majina ya viungo si dhambi, dhambi imo katika kuvunja heshima za watu, uwongo na kusengenya. Papo hapo akakataa kuwapa ruhusa ya kuufanya ulimi mchafu kuwa mazoea. Nusu hii ya pili huachwa na wanaopenda kumnukuu.

Al-Ghazali (aliyefariki 505 H, 1111) alilichambua jambo kwa utaratibu wa kifakihi katika Ihyaa, kwenye kitabu cha maafa ya ulimi. Kwake yeye uchafu wa maneno ni kuyataja mambo yanayochukiza kwa ibara za wazi, na sehemu kubwa yake ni katika mambo ya jimai. Watu wema wana njia ya kuashiria, kama Qur'an ilivyotumia kugusana na kuingiana. Kisha akaongeza jambo linalohitaji kusomwa mara mbili: ibara hizi zina daraja, nyepesi yake ni makuruhu na nzito yake ni haramu, na huenda zikatofautiana kwa ada za miji. Mtu wa Pwani anayajua haya hata kama hajafungua Ihyaa. Neno la kawaida bara laweza kuwa tusi mjini, na la mjini likawa tusi bara.

Nani basi alikuwa mlinzi? Katika miji ya Kiislamu kazi hiyo aliifanya muhtasibu, msimamizi wa soko na maadili ya hadhara. Ash-Shayzari, aliyeandika Sham katika karne ya 6 H, aliwapa wahtasibu mwongozo wa kila fani, kuanzia waoka mikate hadi walimu wa watoto. Walimu aliwaagiza wawatie adabu watoto kwa maneno machafu, na wawazuie wasihifadhi mashairi ya Ibn al-Hajjaj wala kuyatazama. Baada yake Ibn al-Ukhuwwa wa Misri (aliyefariki 729 H, 1329) alilikariri agizo hilo.

Hapa historia inachekesha. Ibn al-Hajjaj, aliyefariki mwaka 391 H (1001), mshairi wa Baghdad aliyevuka mipaka yote katika maneno ya chooni na ya kitandani, aliwahi mwenyewe kuwa muhtasibu wa Baghdad katika zama za Buwayhi! Aliyetakiwa kuwalinda watu na mashairi kama yale ndiye aliyeyatunga. Na ash-Sharif ar-Radhi (aliyefariki 406 H), mtu wa ukoo mtukufu na elimu, alipitia diwani yake akatoa beti zilizo safi na kuzikusanya peke yake. Watu walikubaliana kwamba ufasaha upo na uchafu upo. Mwalimu akafunga mlango kwa watoto, na mwanachuoni akachuja kwa wakubwa.

Muhtasibu naye alikuwa na mpaka. Al-Mawardi (aliyefariki 450 H, 1058) ameeleza kuwa haimpasi kupeleleza maovu yasiyodhihiri wala kupasua sitara, isipokuwa akipewa habari na mtu mwaminifu juu ya jambo lisiloweza kurekebishwa likishatokea, kama mauaji. Mamlaka yake ni sokoni, njiani na darasani. Wanaume wawili wakitaniana vibaya ndani ya nyumba wana Mola wao wa kuwahesabu, lakini muhtasibu hapandi ukuta kuwasikiliza.

Kwetu, kipimo hiki kimekuwa kikifanya kazi chuoni bila ya kuitwa kipimo. Mtoto wa miaka kumi anasoma Safinat an-Najah ya Sheikh Salim bin Sumayr al-Hadhrami, na anafika kwenye mambo sita yanayowajibisha kuoga. La kwanza na la pili yana majina yake kwa Kiarabu, wazi kabisa. Mwalimu anafasiri: dhakari, tupu, manii. Wanaocheka wanatazamwa kwa jicho kali, na mlango hausomwi juu juu. Jioni, mmoja wao akilichukua neno lilelile la darsa akamrushia mwenziwe njiani pamoja na jina la mama yake, fimbo inamngoja kwa mwalimu yuleyule aliyemfundisha neno hilo asubuhi.