Mumias Ilikuwa na Mfalme, Haikuwa na Kiti

Ukipanda matatu ya Mumias hapa Kakamega, unatoka mji uliopewa ofisi na kuelekea mji ulionyang'anywa. Hadi 1920 makao ya wilaya yalikuwa kule, kwa Nabongo Mumia. Kisha wakoloni wakayahamishia huku kwetu.

Nimekua nikisikia sifa za Nabongo: alianza kutawala Wanga 1882, na 1909 Waingereza wakamfanya chifu mkuu. Sawa. Lakini sheria zilipotungwa, nani aliwasemea watu wake?

Baraza la Kutunga Sheria lilianza 1907. Wazungu walimtumia Mumia kutawala majirani zake, ila kiti hawakumpa. Mwaka 1924 Waafrika wa Kenya nzima walipewa msemaji mmoja: mmishonari Mskoti, John Arthur. Ati huyo ndiye sauti yetu! Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia 1944, tena kwa kuteuliwa. Mumia alifariki 1949 kabla ya kuona Mwafrika hata mmoja akichaguliwa kwa kura kuingia humo.

Kura zilikuja Machi 1957. Viti 8 tu kwa Waafrika wote, na Nyanza Kaskazini, Mumias ikiwemo, ikapata kimoja. Mshindi hakutoka boma la Nabongo. Alikuwa Masinde Muliro, mwalimu, aliyemshinda W.W.W. Awori. Muliro alikuwa Mbukusu, na mwaka 1895 Waingereza waliwapiga Wabukusu kule Chetambe wakisaidiwa na askari wa Wanga. Miaka 62 baadaye, mtoto wa walioshindwa akawa mdomo wa Mumias.

Hata hivyo, si kila mtu alipiga kura. Ulipimwa kwa masomo, mapato na mali, na aliyetimiza masharti mengi alipewa hadi kura 3. Kukhu wangu, aliyelima maisha yake yote bila kuingia darasani, hakupata hata moja.

Leo jina la Mumias liko kwenye maeneo bunge mawili, Mashariki na Magharibi. Nami 2022 sikutoka nyumbani siku ya uchaguzi. Nilisema ni walewale tu. Kukhu akaniuliza, "Wewe ulipewa kura ngapi?"

"Moja, kukhu."

"Na ukaiacha?"

Nilijifanya natafuta simu.