Mintarafu ya Seti ya Kutiririshia Insulini

Miongoni mwa vyombo vya tiba vilivyotangulia kuvaliwa mwilini kabla ya kupewa jina lililotulia katika lugha yetu, kimo kile kinachoichukua insulini kutoka katika pampu na kuifikisha chini ya ngozi ya mwenye kisukari. Mtu akionyeshwa chombo hicho kwa mara ya kwanza hukimbilia kukiita mpira, kwa kuwa mpira wa dripu ameuzoea hospitalini. Na jina hilo si la uongo, ila ni pungufu, tena upungufu wake una madhara, kwani mpira ndiyo sehemu inayoonekana zaidi, ilhali sehemu iletayo taabu mara nyingi imejificha nyamani, nayo aghalabu ina urefu wa milimita 6 au 9 tu.

Jina la kigeni la chombo hiki limejengwa juu ya neno la Kilatini lenye maana ya kumimina ndani. Lau tungalifuata asili hiyo bila ya kutazama kazi yenyewe, tungalisema seti ya kumiminia, na msikilizaji angalidhani kwamba kuna kitu kingi kinachomwagwa. Hasha. Insulini ya kawaida ina yuniti 100 katika mililita 1, kwa hiyo mtu anayepokea nusu yuniti kwa saa angehitaji saa 200, yaani siku nane na zaidi, kuimaliza mililita moja kwa mwendo huo, mbali na dozi za chakula. Kudondosha nako hakufai, maana hapana tone linaloanguka. Dawa husukumwa kwa vipimo vidogo vidogo vinavyofuatana usiku na mchana. Kutiririsha ndilo neno lililo karibu zaidi na hali ilivyo, na tukilitia kauli ya kutendea, likawa kutiririshia, sarufi yenyewe inabainisha kwamba tunakitaja chombo cha kufanyia kazi hiyo. Seti tumeliacha lilivyo, kwa kuwa aliyewahi kununua seti ya sufuria hahitaji kufasiriwa. Ama insulini, asili yake ni kisiwa kwa Kilatini, kwa sababu ya vile visiwa vya kongosho alivyovieleza Mjerumani Paul Langerhans mwaka 1869, na watu wa Unguja na Pemba wana haki ya kutabasamu wakilisikia.

Basi seti hiyo ina nini? Mwanzo kuna kiungio, kinachoshikamana na kichupa cha dawa ndani ya pampu. Kisha mpira mwembamba, wa sentimita 60 mathalani, au mrefu zaidi kwa apendaye kuiweka pampu mbali. Kisha kitako chenye gundi kinachoganda juu ya ngozi. Na mwisho kanula, kijibomba laini cha plastiki kinachoingizwa kwa sindano, sindano ikatolewa nacho kikabaki. Zipo seti ambazo kanula yake ni sindano ya chuma isiyotolewa, nazo huwafaa wale ambao plastiki hujikunja miilini mwao. Na zipo pampu za kubandika zisizo na mpira kabisa, ambazo jina la mpira lingezifungia nje, walakini kanula zinazo vilevile.

Pampu ya kwanza aliiunda daktari Arnold Kadish huko Los Angeles mwaka 1963, nayo ilibebwa mgongoni kwa ukubwa wake. Mwaka 1978 madaktari wa hospitali ya Guy's, London, walitangaza matokeo ya kuitiririsha insulini chini ya ngozi kwa pampu ndogo, na njia hiyo ndiyo inayofuatwa hata leo. Tangu hapo mashine imepungua umbo na kuzidi akili, lakini jambo moja haijalijua bado: inahesabu dawa iliyoisukuma, haihesabu iliyofika. Mita ya maji nayo huzunguka vilevile, bomba likiwa zima au limepasuka uani. Kanula ikijikunja kabisa pampu hulia baada ya muda, kwa kuwa dawa imegoma kupita. Ikiwa inavuja pembeni, hailii kamwe. Hapo mwenye kuvaa hana budi kutumia pua yake: insulini ina harufu kali ya dawa ya hospitali, na anayeisikia kwenye nguo au kitakoni amekwisha kupata habari yake.

Habari hiyo si ndogo, kwa sababu pampu hutumia insulini ya haraka peke yake, na mvaaji hana akiba ya dawa ya muda mrefu mwilini kama aliyonayo mchoma sindano. Ikikatika, ketoni, yaani asidi zinazozalishwa na mwili uliokosa insulini, huanza kupanda katika muda wa saa chache. Sukari ikifika milimoli 14 kwa lita bila ya sababu inayojulikana, na ikakataa kushuka baada ya dozi ya kurekebisha, asiendelee kuibembeleza pampu. Apime ketoni, apige dozi kwa kalamu au bomba la sindano kama alivyoelekezwa na daktari wake, kisha aing'oe seti na kuweka mpya. Seti ni rahisi kuliko kitanda cha hospitali.

Kwa kawaida seti ya plastiki hukaa siku 2 hadi 3, na ya chuma siku 2, ingawa sasa zipo zilizotengenezwa kukaa siku 7. Kuibadilisha wakati wa kulala ni kosa ambalo wengi hulifanya kwa kuwa ndio wasaa walioupata. Kanula iliyokaa vibaya saa nne za usiku itagunduliwa alfajiri, na mgonjwa amekwisha kuanza kutapika. Bora ibadilishwe asubuhi, kabla ya chakula, sukari ipimwe tena baada ya saa moja au mbili. Dawa iliyotoka katika jokofu iachwe kwanza ipoteze ubaridi, maana insulini baridi huzaa mapovu ipatapo joto. Povu hilo haliui, kwa sababu haliingii mshipani, ila mahali lilipokaa ndani ya mpira hapana dawa, na sentimita chache za hewa ni nusu yuniti iliyokosekana. Mpira ujazwe mpaka tone lionekane kwenye ncha, nao sharti uwe umetenganishwa na mwili. Anayeujaza ukiwa umeungwa hujidunga dozi asiyoikusudia, na sukari kushuka ghafula ni hatari isiyongoja.

Mahali pa kubandika pawe baidi na kitovu kwa sentimita 5, pasiwe na kovu, wala pasiwe penye mkanda au fundo la kikoi, na kila mara pahamishwe, kwa sababu nyama inayotumiwa mfululizo huota uvimbe wa mafuta unaoinyonya dawa ovyo ovyo. Kwa wenzetu waishio Uingereza au Marekani wanaorudi likizo Mombasa na Zanzibar, jasho ndilo adui mkubwa: gundi iliyoshika wiki nzima huko kwenye baridi huachia hapa kwa siku moja. Ngozi isafishwe kwa spiriti, ikauke kabisa, na kitako kizungushiwe plasta ya juu. Pampu isianikwe juani ufukweni, kwani insulini iliyopita nyuzi 37 haifai kutegemewa.

Huku kwetu wagonjwa walio wengi wangali wakitumia sindano na kalamu, na seti hizi si za kupatikana katika kila duka la dawa. Kwa hiyo ewe msomaji unayevaa pampu, hata kama safari yako ni ya kuvuka kwenda Pemba tu, usipande boti bila ya seti mbili za akiba, kalamu ya insulini, na vijiti vya kupimia ketoni.