Udhamini wa Kifedha wa Mwenzi kwa Viza ya Uhamiaji ya Marekani

Udhamini wa kifedha wa mwenzi ni ahadi ya maandishi anayoitoa raia au mkaazi wa kudumu wa Marekani kwamba mume au mke anayemleta nchini atakuwa na wa kumtunza. Ahadi hiyo huandikwa katika fomu I-864, na pasipo fomu hiyo mwenzi hapewi viza ya uhamiaji hata kama ndoa yao haina shaka yoyote.

Fomu hii ilianza kutumika tarehe 19 Desemba 1997, kutokana na sheria ya uhamiaji ya mwaka 1996. Kabla yake palikuwa na hati nyepesi ya I-134, ambayo mahakama zilikataa kuihesabu kuwa mkataba. Hadi leo hutumika kwa viza ya wachumba. I-864 ni mkataba kamili. Serikali inaweza kumdai mdhamini fedha ilizotumia kumsaidia mhamiaji, na mhamiaji mwenyewe anaweza kumshitaki mdhamini wake mahakamani. Jambo hilo ndilo ndugu na marafiki wanaoombwa sahihi hukosa kuambiwa, na kwa hakika walistahili kuambiwa kabla ya jingine lolote.

Safari huanza na ombi la I-130, ambalo mwenzi aliyeko Marekani hulipeleka idara ya uhamiaji. Likikubaliwa, faili huhamia Kituo cha Taifa cha Viza kilichoko jimbo la New Hampshire. Hapo ndipo udhamini unapoingia. Mwaka 2025 ada ilikuwa dola 120 kwa ukaguzi wa hati ya udhamini na dola 325 kwa maombi ya viza, na nyaraka zote hupandishwa mtandaoni. Kituo kikiridhika, mwombaji hupangiwa usaili ubalozini. Kwa Mkenya, Nairobi. Fomu haihitaji muhuri wa wakili. Inahitaji sahihi, ritani ya kodi ya mwaka wa karibuni, na fomu ya mwajiri ya W-2 au ya malipo ya kibarua huru ya 1099. Barua ya mwajiri na hati za mshahara huongeza nguvu. Faili nyingi hukwama kwa mambo madogo: ukurasa uliosahaulika, ritani ya mwaka usiotakiwa, au idadi ya watu wa kaya iliyohesabiwa vibaya. Tena ni hatari kunyamaza: anayekaa mwaka mzima bila kuwasiliana baada ya kuarifiwa anaweza kufutiwa ombi lake.

Kipimo cha kipato ni asilimia 125 ya mstari wa umaskini unaotangazwa kila mwaka na Wizara ya Afya na Huduma za Jamii ya Marekani. Mwanajeshi aliyeko kazini anayemleta mwenzi wake hupimwa kwa asilimia 100. Kwa mwaka 2025, katika majimbo yote isipokuwa Alaska na Hawaii, kaya ya watu wawili ilitakiwa kuwa na dola 26,437 kwa mwaka, na ya watu watatu dola 33,312. Wanaohesabiwa ni mdhamini, mhamiaji, watoto wadogo wa mdhamini, wote anaowaandika kuwa tegemezi kwenye ritani yake, na yeyote aliyewahi kumdhamini ambaye dhamana yake haijakwisha.

Tuseme mwanamke raia wa Marekani anafanya kazi ya kulea wazee huko Columbus, Ohio, ana mtoto mmoja, na mumewe anasubiri Mombasa. Kaya yao ni watu watatu. Kipato chake ni dola 28,000, kwa hiyo kwa kiwango cha 2025 amepungukiwa na dola 5,312. Mshahara wa mume wa pale Mombasa haumfai kitu, kwa kuwa kazi hiyo ataiacha atakaposafiri. Mali, lakini, inahesabiwa, iwe ya mke au ya mume. Kwa mwenzi wa raia, mali inatakiwa kuwa na thamani isiyopungua mara tatu ya pengo, yaani dola 15,936; kwa mwenzi wa mkaazi wa kudumu ni mara tano. Akiba ya benki ndiyo nyepesi kuthibitisha. Kiwanja cha Kisauni, Mombasa, chaweza kukubaliwa kama kina hati miliki kwa jina la mwenyewe, tathmini ya bei na uthibitisho kwamba hakina deni, na kama kinaweza kugeuzwa fedha ndani ya mwaka mmoja na fedha hizo kutolewa nchini. Shamba la ukoo lisilo na hati halisaidii, hata liwe kubwa namna gani.

Madereva wa malori na wengine waliojiajiri wanahitaji tahadhari yao wenyewe. Kinachotazamwa ni jumla ya kipato kwenye ritani, na kwa mwenye biashara hiyo ni faida iliyobaki baada ya mafuta, matengenezo na bima. Mtu anaweza kupokea dola 150,000 kwa mwaka na ritani yake ikaonyesha 19,000.

Kipato kikipungua, hutafutwa mdhamini mwenza. Si lazima awe ndugu. Awe tu raia au mkaazi wa kudumu, mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, na makazi yake yawe Marekani. Hapa desturi yetu na sheria yao huachana njia. Sisi tumezoea kuchangiana: harusi huchangiwa, matanga huchangiwa, nauli huchangiwa. Katika udhamini watu kumi hawawezi kuunganisha mishahara yao. Mdhamini mwenza lazima afikie kiwango peke yake, akihesabu kaya yake pamoja na mhamiaji, na mwenzi aliyeleta ombi bado hutia sahihi fomu yake mwenyewe. Wanaoruhusiwa kuunganisha kipato ni jamaa wanaoishi na mdhamini nyumba moja, kwa mkataba wa ziada wa I-864A.

Raia anayeishi nje ya Marekani, tuseme Zanzibar na mkewe, ana kazi ya ziada: kuonyesha kwamba anarudi kweli. Barua ya kazi, mkataba wa nyumba ya kupanga, akaunti ya benki au shule waliyoandikishwa watoto ni ushahidi unaokubalika.

Wajibu huanza siku mhamiaji anapopata ukaazi wa kudumu. Humalizika anapokuwa raia, anapofikisha robo 40 za kazi katika hifadhi ya jamii (kwa kawaida ni kama miaka kumi, na robo za mwenzi wakati wa ndoa zaweza kuhesabiwa), anapoondoka nchini na kuuacha ukaazi wake, au mmoja wao anapofariki. Talaka haimalizi kitu. Mwaka 2012 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Saba, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Richard Posner, ilikataa hoja kwamba mtaliki wa mdhamini alipaswa kwanza atafute kazi ndipo adai matunzo. Ulinzi huo ni wa thamani kubwa kwa mke aliyeletwa nchi ya mbali kisha akaachwa bila shilingi, na wanawake wetu wengi hawajui kwamba wanao.

Mdhamini akihama nyumba, hutakiwa kuiarifu idara ya uhamiaji ndani ya siku 30 kwa fomu I-865, hata kama hajazungumza na mhamiaji kwa miaka. Asipofanya hivyo anaweza kutozwa faini. Aliyetia sahihi kisha akasita anaweza kujiondoa kwa maandishi, alimradi barua yake imfikie afisa wa ubalozi kabla viza haijatolewa.